Nati na Uzi Kwenye Barabara ya Moshi na Arusha

Jumatatu

Shule zimefungwa kwa likizo ya Juni, na kazi ya kumrudisha mpwa wangu kwao Arusha imeniangukia mimi. Ukoo wetu unaamini kwamba mwalimu akishafunga shule hana shughuli nyingine duniani. Binti yuko kidato cha pili, anasoma bweni hapa Moshi, na amepewa mazoezi ya likizo ya fizikia, sura ya kani na mwendo. Kabla hatujafika stendi alikuwa ameshatoa hukumu: "Mjomba, hii sura ni ya kukariri tu."

Sikubishana naye. Mfukoni nilikuwa na nati kubwa ya gari, uzi mweusi wa kushonea na protrakta ya plastiki. Tulipopata siti ndani ya Coaster nikafunga uzi kwenye bomba la kushikia, nati ikaning'inia usawa wa pua zetu. Mama mmoja wa siti ya nyuma akauliza kama hiyo ni dawa. Nikamjibu kwamba ni ya kumpimia dereva. Akasema bora.

Basi la jirani likaanza kurudi nyuma taratibu. Mpwa wangu akashika siti ya mbele kwa mikono miwili: "Tumeondoka!" Hatukuwa tumeondoka. Macho yake yalikuwa kwenye madirisha ya basi lile, na kwa macho peke yake huwezi kusema nani anakwenda na nani amesimama. Unachokiona ni kwamba nafasi kati yenu inabadilika, basi. Nati ilikuwa imetulia, uzi wima.

"Acha dirisha, mama. Angalia hii."

Coaster ilipoondoka kweli, nati ikalalia nyuma. Binti akauliza nani kaisukuma. Hakuna aliyeisukuma. Gari limeondoka, nati imetaka kubaki pale ilipokuwa, mpaka uzi ulipoinama kiasi cha kutosha kuivuta iende na sisi. Newton aliliweka hili kwenye maandishi mwaka 1687: kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje iingilie. Wanafunzi wangu wote hukubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili huiandika kwenye mtihani bila kuiamini, kwa sababu maisha yao yote wameona kwamba ukiacha kusukuma, kitu kinasimama. Wanadhani kusimama ndiyo tabia ya vitu. Msuguano haumo akilini mwao kwa sababu hauonekani.

Kwenye kona za bonde la Kikafu nati ikatoka kuelekea upande wa nje wa kona, na abiria tukaifuata. Nilipoibandikia protrakta ikasoma kama nyuzi 10 za pembe, kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatikisika. Nyuzi 10 maana yake ni mchapuko, yaani kubadilika kwa mwendo, wa mita 1.7 hivi kwa sekunde, kila sekunde, na unaelekea ndani ya kona, siyo nje. Hapo binti akagoma. Yeye alikuwa amebanwa dirishani na mwili wake ulikuwa unamwambia kwamba ametupwa nje. Nikamwomba awe yule kijana aliyesimama kando ya barabara na beseni la ndizi. Yeye anaona nini? Anaona abiria wanaotaka kunyoosha njia yao, na gari linalokata kona chini yao. Dirisha halikuwa likizuia kani ya kukutupa nje. Dirisha lenyewe ndilo lililokuwa likikusukuma ndani, ili na wewe ukate kona.

Kisha tukapita Boma Ng'ombe, barabara ikanyooka, lami ikawa safi, na nati ikasimama wima kabisa. Hapa ndipo nilipokuwa napangojea. Mshale wa dashibodi ulikuwa kwenye 80 na uzi ulikuwa vilevile kama tulivyouona stendi, gari likiwa limezimwa. Nati haikuwa na habari yoyote ya hizo kilomita 80. Ilikuwa inajua kuondoka, kona na breki, yaani kubadilika kwa mwendo. Mwendo wenyewe haiujui, na mwili wako nao hauujui. Binti akarusha karanga juu sentimita 30 hivi, ikamrudia kiganjani. Ilikaa hewani nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo gari lilikula mita 11 za barabara, lakini karanga haikubaki nyuma hata kidogo, kwa kuwa ilirushwa ikiwa tayari na kasi ileile ya gari. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa chumba cha chini ya sitaha ya meli: vipepeo, samaki kwenye bakuli, matone yanayodondokea chomboni. Yote yatafanya mambo yaleyale, meli ikiwa imetia nanga au ikiwa inakwenda kwa mwendo usiobadilika.

Konda alikuwa akikusanya nauli, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, bila kushika chochote. Alipokuwa anatembea kuelekea nyuma ya gari kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kwetu alikuwa anarudi nyuma, na kwa yule wa ndizi alikuwa anakwenda mbele, Arusha, kwa 76. Wote wawili tuko sahihi. Nilichompendea konda ni miguu. Kabla breki hazijakamata alikuwa ameshaegemea nyuma, kwa sababu anasikia mguu wa dereva ukitoka kwenye mafuta. Abiria wa kawaida huegemea baada ya kuangukia wenzake.

Baada ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mbele yetu kukawa na semitrela. Dereva akachungulia, akarudi, akachungulia tena. Nikamwambia mpwa wangu atoe kalamu.

Semi inakwenda 60, sisi 80. Kwa aliyesimama barabarani tuna 80, lakini kwa dereva wa semi tunamkaribia kwa 20 tu, mwendo wa baiskeli. Hiyo 20 ni mita 5.6 kwa sekunde. Tunaanza kumpita tukiwa mita 20 nyuma yake; semi ina urefu wa mita 17 hivi, Coaster mita 7, na haturudi kushoto mpaka tumemwacha mita 20 nyingine. Jumla mita 64. Gawanya: sekunde 11 na nusu tukiwa upande usio wetu. Katika sekunde hizo sisi tunakula mita 256 za lami, na anayekuja mbele, kama naye ana 80, anakula 256 zake. Kwa hiyo kabla hujatoa pua unahitaji kuona zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu.

Sasa iweke semi kwenye 70. Tofauti inabaki 10. Sekunde zinakuwa 23, na barabara tupu unayoihitaji inapita kilomita moja. Mwendo wa semi umebadilika kidogo tu, lakini muda umezidishwa mara mbili. Dereva mwenye haraka hutazama mshale wake na kujiona anakimbia, wakati mshale hauhusiki na kupita. Kinachohusika ni tofauti kati yake na anayepitwa, na jumla kati yake na anayekuja. Jumla hiyo ni 160. Kwa maoni yangu hesabu hii ingeulizwa kwenye mtihani wa leseni kabla ya vibao vyote.

Wetu alisubiri. Binti alitoa pumzi kwa sauti.

Kabla ya Usa River magari yaliyotoka Arusha yalikuwa yanatuwashia taa, na kweli mbele walikuwepo trafiki na tochi. Ile tochi hutuma mawimbi, yakagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo kulingana na jinsi gari linavyomkaribia anayeishika. Yaani inapima mwendo wa gari kwa macho ya askari. Akiwa amesimama, jibu lake ni sawa na la barabara. Angekuwa naye ndani ya gari linalokwenda, ingebidi ajumlishe au atoe mwendo wake mwenyewe. Tengeru barabara ikawa njia mbili kwenda, mbili kurudi, na hesabu zote za kupitana zikaisha hapo, kwa sababu anayekuja amewekwa upande wake.

Usiku, baada ya chakula, binti akamwonyesha baba yake daftari. Shemeji ni dereva wa semi, amezeeka nayo kwenye njia ya Tunduma. Akaisoma hesabu yote kimya, kisha akasema, "Mtu akishaanza kunipita, mimi natoa mguu kwenye mafuta." Binti akarudi na kalamu. Semi ikishuka kutoka 60 hadi 50, tofauti inakuwa 30 na sekunde 11 na nusu zinakuwa chini ya 8. Shemeji aliipata hiyo bila kalamu. Akaongeza kwamba wapo wanaoongeza mafuta wanapopitwa, na kwamba hao hataki hata kula nao.

Jumanne

Arusha imeamka na manyunyu. Nilitembea na binti hadi soko la Kilombero, mimi na mwavuli, yeye bila, na tulifika tumelowa usoni sawasawa. Akaniuliza mwavuli una faida gani.

Tone kubwa la mvua ya masika huanguka kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde. Punje ya manyunyu, ile ya nusu milimita, huanguka kwa mita 2 tu, kwa sababu hewa inaibeba mapema: uzito wake ni mdogo na upinzani wa hewa huulingana haraka, baada ya hapo haichapuki tena. Sisi tulikuwa tunatembea kwa mita 1.5 kwa sekunde. Kwa hiyo kwa aliyesimama barazani manyunyu yanashuka wima, na kwetu sisi yanakuja yameinama karibu nyuzi 37 kutoka wima, moja kwa moja usoni. Mvua kubwa kwa mwendo uleule ingeinama nyuzi 10 tu na mwavuli ungefanya kazi yake. Kwa dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 36 kwa saa manyunyu haya yanakuja karibu yamelala, ndiyo maana amevaa koti la mvua kifuani na mgongoni ni mkavu.

Sokoni nilimwonyesha mkokoteni. Magunia matatu ya viazi, na jamaa aliyevaa katambuga amesimama kati ya mikono miwili ya mbao. Hakuuvuta kwa ghafla. Aliuyumbisha kwanza, mbele, nyuma, mbele, gurudumu likatoka kwenye kishimo lilicholalia, akainama mbele mpaka ukadhani ataanguka, ukaondoka. "Kuuanzisha ndio kazi," alisema. "Ukishakubali, wenyewe unakwenda." Mwanzoni anahitaji kuushinda msuguano wa kitu kilichotulia na juu yake kuupa tungamo lote mchapuko. Ukishakuwa kwenye mwendo, anadaiwa msuguano wa magurudumu tu. Na kwenye kilima anadaiwa zaidi: mkokoteni na mzigo wa kilo 350, kwenye mwinuko wa mita 1 kila mita 20, unamrudisha nyuma kwa kani ya nyutoni 170 hivi, sawa na kubeba kilo 17 na nusu mkononi bila kuzitua mpaka juu.

Hapo binti akatoa swali lililonifurahisha kuliko yote ya wiki. "Mjomba, kitabu kinasema kila kani ina mwenzake aliye sawa naye na anaelekea kinyume. Yeye anauvuta mkokoteni mbele, mkokoteni unamvuta yeye nyuma kwa kani ileile. Sasa mbona unakwenda?"

Watu wazima wenye digrii wamekwama hapo. Kani hizo mbili ni sawa, lakini haziko kwenye mwili mmoja. Moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya jamaa. Ukitaka kujua mkokoteni utafanya nini, hesabu zinazougusa mkokoteni peke yake: mvuto wa jamaa mbele, msuguano wa magurudumu nyuma. Mbele ikizidi, unachapuka. Ukitaka kujua jamaa atafanya nini, hesabu zake: mkokoteni unamvuta nyuma, na ardhi inamsukuma mbele. Ardhi? Ndiyo. Angalia katambuga zake. Anaisukuma ardhi nyuma kwa mguu, na ardhi inamjibu kwa kumsukuma mbele. Huo ndio mtaji wake wote.

Tulimfuata mpaka alipofika kwenye tope la mlangoni. Mguu ukateleza nyuma, mkokoteni ukasimama. Misuli ni ileile, mzigo uleule, ila tope halikuwa na cha kumjibu. Kijana mmoja akatupa kipande cha gunia chini ya miguu yake, akakikanyaga, akapita.

Jumatano

Leo tumekwenda kwenye jengo moja la ghorofa mjini, nina shughuli ya stempu za nyaraka. Lifti yake inafanya kazi, nikaona tusipoteze nafasi. Nimebeba mizani ya kuning'iniza, ile ya springi ya wauza nyama, na mfuko wa sukari wa kilo mbili.

Lifti ilipoanza kupanda, mshale ukaruka kupita kilo mbili, ukakaa huko kwa muda mfupi, kisha ukarudi. Kati ya ghorofa, wakati namba zinabadilika moja baada ya nyingine na lifti iko kwenye mwendo wake kamili, mizani ilisoma kilo mbili sawasawa. Karibu na juu ikashuka chini ya mbili, lifti ilipokuwa inapunguza. Kushuka ikawa kinyume: chini ya mbili kwanza, mbili kamili katikati, juu ya mbili mwisho. Lifti inayochapuka kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde huongeza au kupunguza karibu sehemu moja ya kumi, yaani gramu 200 kwenye mfuko ule. Sukari haikuongezeka. Ili springi iipandishe sukari pamoja na lifti, lazima ivute zaidi ya uzito wake, na mizani husoma kile springi inachovuta.

Watu hudhani ukiwa unapanda wewe ni mzito na ukishuka wewe ni mwepesi. Si hivyo. Lifti inayoshuka huku ikipunguza mwendo inakufanya mzito, na tumbo linakuambia.

Binti akauliza kamba ikikatika itasoma ngapi. Sifuri, kwa sababu mizani na sukari vitaanguka pamoja na hakuna atakayemvuta mwenzake. Wanaanga wanaelea kwa sababu hiyohiyo. Kituo chao kiko kama kilomita 400 juu, na mvutano wa dunia huko bado ni karibu asilimia 90 ya wa hapa. Hawajatoka kwenye mvutano. Wanaanguka muda wote, ila wana kasi ya pembeni ya kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, hivyo kila wanapoanguka dunia nayo inajipinda chini yao, wakaizunguka kwa dakika 90 na kitu.

Tulipanda na kushuka hadi mlinzi akatuita. Alitaka kujua tunauza sukari ghorofa ya ngapi.

Alhamisi

Binti ana mafua. Tumeshinda ndani. Swali moja tu, akiwa amejifunika blanketi: kama dunia inazunguka, Arusha inakwenda kasi gani? Hapa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ni karibu kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki, na hatusikii kwa sababu ileile ya nati kwenye barabara iliyonyooka. Siyo mwendo ulionyooka kabisa, maana tunakata kona kubwa ya dunia nzima, lakini kona hiyo ni pole mno: mchapuko wake ni sentimita 3.4 tu kwa sekunde, kila sekunde. Unapunguza uzito wa mtu kwa theluthi moja ya asilimia. Akalala.

Ijumaa

Mafua yamekwisha ghafla baada ya kusikia neno Chemka. Tunarudi Moshi kwa sababu anataka kumwona bibi yake Marangu, na njiani tumeshuka Boma Ng'ombe, tukachukua bajaji kwenda kusini kwenye chemchemi.

Maji ya Chemka ni ya uvuguvugu, masafi mpaka unaona mizizi ya mikuyu chini, na visamaki vinakuja kunyofoa miguu. Kuna kamba ya kubembea. Nilikaa kwenye mzizi nikatazama nani anaanguka wapi, na kila aliyeshindwa kamba alishindwa mahali pamoja: chini kabisa ya mzunguko, kamba ikiwa wima na kasi ikiwa kubwa kuliko popote. Vijana wanadhani ni mikono kulowa. Pale chini kamba ina kazi mbili, kuubeba uzito wako na kukukatisha kona kwenda juu. Ukianza kwa kushuka nusu ya urefu wa kamba, mikono inabeba uzito wako mara mbili. Ukianza kamba ikiwa imelala, ni mara tatu. Kijana wa kilo 60 pale chini ameshika kilo 180, ingawa kwenye ngazi aliyoanzia hakuwa ameshika kitu. Anayetaka mikono isishindwe aanzie chini zaidi, na anayetaka kuruka mbali asiache mpaka kamba imeshaanza kupanda upande wa pili.

Mpwa wangu hakutaka kamba. Aliogelea kule maji yanakotokea, akageuka dhidi ya mkondo, akapiga maji kwa nguvu zake zote, macho kwenye mzizi wa mkuyu ulio kando yake. Mzizi haukusogea. Kila mkono aliotupa ulimpeleka mbele kwenye maji, na maji yalimrudisha hicho hicho. Akapiga kelele akiwa bado anaogelea, "Mjomba, kwa maji naenda!" Kisha akachoka, na akawa anakwenda kwa mzizi peke yake, nyuma. Kuvuka nako alijifunza mwenyewe: akilenga ng'ambo moja kwa moja anatua chini zaidi, akilenga juu kidogo anatua anapotaka, ila anachelewa, kwa sababu sehemu ya nguvu zake inakwenda kulipa mkondo.

Kurudi Boma kukawa na vumbi. Asubuhi tulikuwa tunakwenda kusini, upepo usoni, na vumbi letu lilibaki nyuma. Sasa upepo wa Juni ulikuwa mgongoni, na mwendo wake ulikuwa karibu sawa na wa bajaji kwenye ile barabara mbovu. Vumbi lililotoka kwenye magurudumu yetu likapanda, likakaa nasi. Khanga ya binti, iliyofungwa pembeni ya bajaji ikauke, ilining'inia bila kupepea, ingawa tulikuwa tunakwenda kama kilomita 20 kwa saa. Kwa khanga hakukuwa na upepo kabisa. Dereva akasema dawa ni moja kati ya mbili, kukimbia zaidi ya upepo au kusimama uupishe. Barabara haikuruhusu kukimbia. Tukasimama, vumbi likatupita, tukaliona likienda Boma bila sisi.

Jumamosi

Marangu. Bibi katulisha kiburu mpaka tukashindwa kuinama, kisha tukapanda hadi lango la hifadhi ya Kilimanjaro, karibu mita 1,900, kuangalia mizigo ikipimwa. Wapagazi wako kwenye foleni na mifuko yao, na kila mzigo unaning'inizwa kwenye mizani kabla ya kuondoka. Kikomo ni kilo 20. Mzigo ukizidi, unafunguliwa palepale na sufuria inahamia kwa mwingine, kwa maneno mengi.

Mizani ya kuning'iniza huandikwa kilo, lakini inachopima ni kani. Tofauti hiyo haina maana sokoni mpaka uihamishe mizani. Karibu na ikweta mvutano ni mdogo kidogo kuliko kule kaskazini ya mbali, sehemu kwa ajili ya ile kona ya dunia tuliyoizungumza Alhamisi, na sehemu kwa kuwa dunia imevimba kiunoni na sisi tuko mbali zaidi na kitovu chake. Mizani ya springi iliyosawazishwa London ikiletwa Moshi italipunja gunia la kahawa la kilo 60 karibu gramu 200. Mizani ya kulinganisha na mawe haina shida hiyo, kwa sababu mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili. Mkulima anayeuza kwa springi ana haki ya kuuliza ilisawazishwa wapi.

Mpagazi mmoja alikuwa anasikiliza huku anakaza kamba. Akauliza kama ni kweli mzigo unapungua ukipanda juu. Ni kweli, binti akamjibu kabla yangu, unavyozidi kwenda mbali na kitovu cha dunia mvutano unapungua. Akaomba tumpe hesabu. Njia ya Marangu wapagazi wanatua mizigo kambi ya Kibo, mita 4,720. Kutoka langoni ni kupanda mita 2,800 na kitu, na kwa kilo 20 mizani ileile ingepungua chini ya gramu 20. Hata ungefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, haifiki gramu 30.

Jamaa akaupima mzigo wake kwa mkono, akaucheka.

"Gramu 20 napunguziwa Kibo. Koti ninalovaa nikifika kambi ya Horombo lina kilo mbili."